Koti Lililomeza Mwisho wa Kitabu

Usijifanye hujui. Asubuhi hii umepita mbele ya lile jengo la njano lenye kufuli mlangoni, ukaona madirisha yaliyozibwa kwa mbao, ukainamia simu yako kama mtu aliyepata ujumbe wa msiba. Hukupata ujumbe wowote. Uligeuza uso tu, kama ulivyougeuza jana na juzi, kama ulivyougeuza siku ile walipotoa rafu za vitabu nje na kuzipakia kwenye lori huku mvua ikinyesha, wewe ukasimama kuuliza kama zile mbao zinauzwa.

Ilikuwa maktaba. Tunakumbuka, hata kama wewe umesahau. Paa lilivuja kidogo upande wa kamusi, wakubwa wa mji wakasema wanafunga kwa ukarabati, na ukarabati wenyewe ukawa ni kununua kufuli. Wasomaji walipokwenda kulalamika, Bwana Afisa aliwaambia kwa upole huku akikoroga chai, "Leteni mabati, nasi tutafungua." Alisema hivyo kwa sababu alijua hawana. Kisha akasahau. Wao hawakusahau.

Hii ni habari ya mabati hayo, na ya mtu aliyetaka kuyala. Ndiyo, mabati huliwa. Waulize wakubwa.

Mtu mwenyewe aliitwa Jalada. Jina hilo alipewa na wajanja wenzake kwa kuwa hakuwahi kusoma kitabu kupita jalada, ila kwa jalada hilo hilo angeweza kuzungumza na profesa mpaka profesa akaanza kuandika anachoambiwa. Alikuwa na sauti ya mtu anayekurudishia kitu ulichodondosha. Ukimsikia unajipapasa mifuko kwa shukrani, na baadaye unajipapasa tena kwa sababu nyingine.

Kazi yake ndogo, ile ya kujivisha, aliifanya kwa madobi. Jumamosi moja mchana aliingia duka la Dobi nyuma ya soko, mvuke ukiwa umejaa mpaka dari, mashati yamening'inia kama mkutano wa watu wasio na vichwa.

"Nimefuata koti langu, kaka," alisema. Macho yake yalikuwa yameshapita misumari yote na kutua kwenye ule wa mwisho, ambako koti la kijivu lilikuwa limetundikwa muda mrefu hadi mabega yake yameota vumbi. "La kijivu lile. Nilisafiri. Safari nazo zikazaa safari."

"Kikaratasi chako cha namba?" aliuliza Dobi, jitu la mabega mapana na moyo wa uji.

"Kiliibiwa pamoja na pochi. Pesa nilisamehe. Kitambulisho nilisamehe. Picha ya marehemu mama ndiyo mpaka leo..." Akameza mate, akatazama sakafu.

Marehemu mama yake, tuseme ukweli, alikuwa buheri wa afya, na alikuwa ameshamfukuza nyumbani zaidi ya mara moja.

Dobi alianza kupepesa macho. Akamgeukia shangazi yake, mwanamke mwembamba aliyekuwa akipiga pasi pembeni, sindano mdomoni kama mwingine anavyoweka kijiti cha meno. Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Yeye ndiye aliyekuwa akishona kila kilichoraruka pale, na koti lile alilijua kuliko alivyolijua goti lake mwenyewe. Mwenye nalo alikuwa fundi saa aliyehama mji bila kuaga. Shangazi alimtazama mgeni juu mpaka chini.

"Mpe," alisema. "Kila nikiliona linanikumbusha jambo."

Jambo gani, hakusema. Tutalifikia.

Jalada alikuwa ameshatia mkono mmoja kwenye koti pale mtu alipopiga kelele nyuma ya pazia la chumba cha ndani: "Takataka! Takataka iliyopigwa chapa!"

"Takataka mbona kila Jumamosi unaikimbilia?" sauti ya mwanamke ilijibu.

"Wanagombana nini?" Jalada aliuliza.

"Bundi," alisema Dobi, na uso wake ukang'aa kama aliyetajiwa mchumba. "Yule mwandishi wa hadithi za kutisha. Huyajui yale mambo? *Kabati Linalopumua*! Kila kibanda cha vitabu kinakiuza. Karibu ndani, kaa usikilize."

Jalada alikaribia ndani. Mtu wa kazi yake akiona watu wazima wanatoleana povu kwa jambo lisilo na faida, husimama, kama mwindaji anavyosimama akisikia kijiti kimevunjika.

Chumba cha ndani kilikuwa cha mabenchi na mabeseni. Hapo ndipo wasomaji wa ile maktaba walipohamia. Kitabu kipya walichanga wakanunua kimoja, kwa kuwa vya watu wote hawakuweza. Shangazi alikikata kwa wembe vipande vipande, kila kipande akakishonea gamba la kadibodi za kola za mashati, kisha vipande vikazungushwa. Hivyo kila mtu alianza kitabu mahali pake. Muuguzi wa zamu alianzia kwenye mazishi, akaamini mpaka leo kwamba ni hadithi ya marehemu aliyefufuka akapanga nyumba. Dobi alianzia kwenye harusi, akaiona ni hadithi ya mapenzi yenye kabati.

Na walikuwa na sharti moja: hakitoki kitu mle bila kuacha kitu. Ukichukua kipande, unaacha chako mpaka ukirudishe. Muuguzi aliacha saa. Dobi, ingawa duka ni lake, aliacha kiatu kimoja. Mwalimu mstaafu aliacha miwani yake, akaenda nyumbani na kipande asichoweza kukiona, akarudi kila mara akilalamika kwamba Bundi haeleweki.

"Kutisha ni rahisi," Mwalimu alikuwa akisema siku hiyo, kidole hewani. "Mtu yeyote anaweza kuzima taa akapiga kelele."

"Haya, zima taa upige kelele, Mwalimu," alisema Dobi, "tuone mji gani utapanga foleni kukununua."

"Sentensi zake zinayumba kama mlevi anayetafuta mlango wake!"

"Lakini mlango anaupata. Mimi tangu nisome, kabati langu nalala nimeligeuzia uso, siligeuzii mgongo."

"Mimi kinachonikera ni damu," alisema Muuguzi. "Mtu akichomwa mbavuni hamwagi damu namna ile, kama bomba la mtaani. Afadhali angeuliza."

"Na wewe Shangazi?"

Shangazi aliitoa sindano mdomoni. "Anajua kutisha," alisema. "Ila ni mwoga. Kitabu kizima anatutisha na kabati. Kabati limekula mume, limekula mpangaji, limekula fundi. Nani aliyepangisha nyumba ile yenye kabati? Yeye anapita tu kila mwisho wa mwezi, anachukua kodi yake, na Bundi anamfungulia mlango kwa adabu."

"Mpaka ule mwisho!" Dobi alipaza sauti.

"Naam," Mwalimu alikiri, kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino. "Ule mwisho, nasema wazi, ni wa mwandishi mwingine kabisa. Mjane anamkaribisha mwenye nyumba, anamwambia kodi iko kabatini, nenda ukaichukue mwenyewe. Kabati linavuta pumzi moja. Mjane anafunga, ufunguo anautia kifuani. Hapo, mabibi na mabwana, hapo mtu ameandika."

Shangazi aliirudisha sindano mdomoni, akaangalia pembeni.

Maneno hayo Jalada hakuyasikia; alikuwa akiangalia gamba la kitabu lililobaki mezani. Nyuma, pale panapowekwa picha ya mwandishi, palikuwa na picha ya bundi, ndege mwenyewe, ametoa macho. Hakuna uso. Hakuna anayemjua. Moyo wake ulicheza ngoma.

Juu ya rafu, kando ya kopo la vifungo vilivyokatika kwenye nguo za wateja, aliona kopo jingine kama lile, bati lake limechomelewa mdomo, likiwa na upenyo tu wa kupitisha pesa. "Na lile?" alinong'ona.

"La mabati," Dobi alimjibu kwa fahari. "Tumechanga tangu maktaba ifungwe. Limekaribia kujaa. Siku tukilipasua tunanunua paa, na Afisa atafungua, alisema mwenyewe."

Jalada alivaa koti vizuri, akalifunga vifungo, akaondoka na utulivu wa mtu mwenye mipango.

Wiki ile alifanya mambo mawili. La kwanza, alihamishia akiba yake yote kwenye bitana ya koti lile. Benki hakuziamini, alijua watu wanaofanya kazi moja na yeye. Kila alichowahi kuwatoa wajane, wafanyabiashara na wachumba wa watu alikitandaza ndani ya kitambaa cha mgongo, akashona kwa mkono wake, mishono mikubwa kama ya gunia. La pili, aliiba *Kabati Linalopumua* kwenye kibanda, akakaa juu ya kreti la soda akasoma kurasa za mwisho. Za mwisho tu. Mjanja hasomi, hupekua. Na kurasa hizo zilisema mjane alilichoma kabati moto, akapanda basi, na ndani ya basi, chini ya miguu yake, sanduku lake la safari likaanza kupumua.

"Safi," alijisemea Jalada, asijue kwamba amejichimbia shimo la kumtosha.

Jumamosi iliyofuata alirudi amevaa koti na miwani myeusi, akakaa benchi la nyuma kimya. Mwalimu alipofika kwenye neno "takataka", Jalada alitoa leso akafuta jicho.

"Vipi tena, ndugu?" aliuliza Muuguzi. "Unalia?"

"Si kitu, dada. Endeleeni. Ila ni vigumu mtu kukaa anasikiliza mtoto wake akitukanwa."

"Mtoto gani?"

Jalada aliinuka. Alilichukua lile gamba la kitabu, akaligeuza, akaliinua kando ya uso wake, bundi na yeye, shavu kwa shavu. Kisha akavua miwani polepole na kutoa macho.

Dobi alikaa ndani ya beseni.

"Wewe... wewe ndiye?"

"Nawaombeni, isitoke humu. Nilikuja kusikiliza ukweli. Mjini kote wananisifu tu, nimechoka."

"Mbona uliweka bundi badala ya picha yako?" Mwalimu aliuliza kwa ukali.

"Wewe ungeweka uso wako kwenye kitabu kile, Mwalimu, halafu ulale?"

Kulikuwa na minong'ono ya kukubali. Mwalimu peke yake alishika nguzo ya hoja. "Kama ndiwe, tueleze. Ule mwisho uliupataje?"

Jalada alifumba macho. Alikuwa amejiandaa. "Ule mwisho ulinitoa jasho, ndugu zangu. Lile sanduku la mjane, ndani ya basi, lilipoanza kupumua chini ya miguu yake, kalamu ilinidondoka..."

Pasi ilisikika ikifoka mvuke.

"Sanduku gani?" aliuliza Dobi.

"Basi gani?" aliuliza Muuguzi.

Mwalimu alianza kuvaa miwani yake taratibu, kama hakimu anayejiandaa kusoma hukumu.

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu mle chumbani kulikuwa na watu wawili waliotokwa jasho, na wa pili humdhanii. Zamani kidogo, kipande cha mwisho cha kitabu kilipofika kwa Shangazi, alikificha asije Mwalimu akakidokoa kabla ya zamu yake. Alikificha kwenye mfuko wa ndani wa koti la kijivu lisilo na mwenyewe. Siku ya pili Dobi, kwa moyo wake ule wa uji, aliona vumbi kwenye koti akalihurumia. Alilichemsha. Mwisho wa kitabu ukatoka mfukoni umekuwa ugali wa karatasi. Shangazi hakuwa ameusoma hata mstari. Jumamosi ilipofika alikaa mbele ya wenzake na gazeti la mitindo ya magauni ndani ya gamba la kadibodi, akaliangalia kwa makini, na "akawasomea" mwisho aliouona unafaa. Yule mwenye nyumba aliyemezwa hakuna kibanda duniani kinachomuuza. Alizaliwa pale, kati ya mabeseni.

Sasa basi, mtu huyu mwenye miwani myeusi akiendelea na sanduku lake, Shangazi amekwisha, na wenzake hawatamwamini tena na kitabu wala kopo.

"Anatupima huyu!" alisema Shangazi na kucheka kwa nguvu. "Hamuoni? Anataka kujua kama tulisoma kweli. Ati sanduku! Bwana Bundi, si mwenye nyumba alimezwa na kabati, na mjane akautia ufunguo kifuani?"

Jalada aliidaka kamba kabla haijafika chini. "Hasa! Hasa, mama yangu!" Akapiga paja, akacheka mpaka akakohoa. "Kuna mji mmoja niliwaambia sanduku, wote wakaitikia sanduku, sanduku! Nikajua hawa ni wa kusoma jalada tu. Ninyi ni wasomaji. Huo wa mwenye nyumba ndio mwisho, na ndio niliotaka kuandika tangu siku ya kwanza."

Moyoni alijiambia: watu wanaosoma kitabu vipande kama nyama ya bucha wataachaje kuchanganya? Akampenda sana yule mama mjinga aliyemwokoa.

Mama mjinga naye alikuwa ameacha kucheka. Alirudi kwenye pasi yake akiwaza. Mwandishi wa kweli angepiga meza. Mwandishi unaweza kumwibia mke akakusamehe baada ya mwaka, lakini umbadilishie mwisho wa kitabu mbele ya watu, naye akupigie makofi? Mtu mmoja tu angeukubali mwisho ule: asiyekuwa Bundi. Na Jalada alipogeuka kumpa Dobi mkono, Shangazi aliuona mgongo wa koti. Umevimba. Na pindoni mwa bitana mishono mipya, mikubwa, ya mkono usiojua sindano.

Akavuta pumzi moja ndefu. Kama kabati.

Kuanzia hapo biashara ilikimbia. Jalada alieleza, kwa masikitiko, kwamba wachapaji wanamnyonya, kitabu kijacho atakichapa mwenyewe, na wasomaji wake wa kweli atawaweka ndani kwa majina na sura. Watakufa humo. Watakufa vizuri. Kishika nafasi tu kinatakiwa, pesa kidogo ya kuanzia.

Hapo ndipo ungewaona watu wenye akili timamu wakigombea kifo.

"Mimi sitaki kufa," alisema Dobi. "Niweke mzimu. Mzimu mwenye huruma."

"Mizimu yenye huruma ni ghali kidogo, kaka. Haiuziki."

"Mimi nikifa, nife kitaalamu," alisema Muuguzi. "Damu kidogo, ya kweli. Na matroni wangu umweke sura ya pili, asifike ya tatu."

Mwalimu alisubiri wote waishe, akamvuta pembeni. "Sikiliza. Kazi zako ni takataka, hilo halijabadilika. Lakini ikiwa ni lazima... mimi nife mwishoni kabisa. Baada ya hotuba. Hotuba nitaiandika mwenyewe, wewe usiiguse."

Walitoa walichokuwa nacho, na Jalada alipokea kama padri. Kisha akaliangalia kopo la mabati na kuguna. "Mngeliweka lile nalo kwenye uchapaji, yangerudi makopo mawili. Maktaba mngeiezeka paa na dari. Lakini sishawishi mtu. Mimi ni mtunzi tu."

Walitazamana. Kopo lile lilikuwa miaka ya chai bila sukari na nauli za kwenda kwa miguu. Likipotea, hakuna paa, na bila paa hakuna mlango. Wote waligeuka kwa Shangazi, mtunzaji wake, wakitegemea akemee.

"Mimi naona apewe," alisema Shangazi.

"Shangazi!" Dobi alishangaa.

"Mwandishi mkubwa hivi atakimbia na kopo? Aje Jumamosi alichukue. Nataka nilifute vumbi kwanza."

Jumamosi hiyo Jalada alifika mapema, amenyoa, ananukia. Chumba kilikuwa cha moto kuliko kawaida, kwa sababu Shangazi alikuwa amewasha pasi zote. Hajakaa vizuri, Dobi alikuwa ameshamvua koti mabegani.

"Lete hilo, bwana. Limekunjamana. Ukitoka kwangu hivyo watu watasema nini juu ya duka langu?"

"Hapana, kaka, liache tu..."

"Bundi anatoka jasho kama mchemsha uduvi!" alisema Muuguzi akimpepea. "Kaa, bwana. Tuna swali kuhusu matroni."

Kukataa zaidi kungeleta maswali. Jalada alikaa mahali ambapo, kwenye mwanya wa pazia, angeiona meza ya pasi. Huku akikubaliana vifo vya watu, jicho moja lilikuwa kwa Shangazi. Aliiona pasi ikienda, ikirudi, mvuke ukipanda, koti likigeuzwa upande huu na ule. Alitulia. Alichoangalia ni pasi. Mkono wa kushoto wa Shangazi, ule wa chini ya meza, wenye wembe wa kukatia vitabu na sindano iliyoshona nusu ya mji, hakuuona.

Lilirudi limenyooka kama barua rasmi. Alilivaa, akajitikisa kidogo. Mgongo ulimjibu: kwarakwara. Vizuri. Kopo likaletwa, zito, limechomelewa mdomo, linang'aa.

"Sharti letu unalijua," alisema Shangazi. "Hakitoki kitu humu bila kuacha kitu."

Jalada alivua pete yake ya dhahabu isiyo dhahabu, akaitua mezani kwa majonzi makubwa. "Ya marehemu mama," alisema.

"Masikini. Aliyeibiwa picha?"

"Huyo huyo."

Alitembea mpaka kona, kisha akaacha kutembea, akakimbia. Nyuma ya gereji ya matairi alilipasua kopo kwa nyundo aliyoazima kwa fundi. Vikamwagika vifungo. Vifungo vya mashati, vya suruali, vya magauni ya harusi, vyeupe na vyeusi, vikabiringika mpaka chini ya magari, na fundi wa gereji akamuuliza kama ni mgonjwa.

Jalada alisimama. Aliupeleka mkono mgongoni polepole, kama anayepapasa ndani ya kabati gizani. Kwarakwara. Akalivua koti. Mishono yake ya gunia haikuwepo. Palikuwa na mishono midogo ya kupendeza, huwezi hata kuihesabu. Akachana bitana kwa meno. Zikatoka karatasi, zimeandikwa kwa mkono, mwandiko wa mtu aliyezoea kufuata mstari wa chaki kwenye kitambaa.

*Mjane alimfungulia mwenye nyumba mlango*, zilianza.

Alitukana. Akatukana tena. Kisha, kwa kuwa hakuwa na kingine duniani isipokuwa karatasi zile na tairi bovu la kukalia, akasoma. Alisoma mstari kwa mstari, bila kupekua, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mwenye nyumba aliingia mwenyewe, miguu yake mwenyewe, kwa sababu aliambiwa ndani kuna pesa. Kabati halikumvuta. Lilingoja tu. Mlango ukajifunga, kukawa giza, na humo gizani mwenye nyumba akagundua hayuko peke yake, akawasha kiberiti, akaona...

Ukurasa uliishia hapo.

Jumamosi iliyofuata alirudi kwa Dobi amefura, amepanga kupiga kelele mpaka mashati yaanguke. Alisukuma pazia. Chumba kizima kikasimama na kupiga makofi.

"Mfadhili wetu!" Mwalimu alimkumbatia mpaka akakosa pumzi. "Nilisema na narudia, mtindo wako ni takataka. Lakini moyo wako! Shangazi ametueleza yote. Umelirudisha kopo letu, umelipa mabati yote kwa pesa yako, hata vishika nafasi umeturudishia! Paa liko juu, bwana! Nimepanda ngazi mwenyewe, na umri huu!"

Jalada alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba ameibiwa? Nini, na kilitoka wapi, na yeye ni nani? Aliinamisha kichwa, akatoa tabasamu la mtu aliyekanyagwa kidole kanisani. "Ni wajibu wangu," alisema.

Shangazi alikuwa akikata nyuzi. "Bwana Bundi. Koti linakukaa?"

"Limepwaya kidogo," alijibu akiuma meno. Akasogea, akainama karibu na sikio lake. "Mama wewe ni mwizi."

"Humu wezi tuko wawili; ulitaka mimi nikose?"

"Sawa. Nimeshindwa." Kisha ikamtoka, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya kazi: "Aliona nini?"

"Nani?"

"Mwenye nyumba! Aliwasha kiberiti akaona nini? Sijalala tangu Jumamosi."

Kwa mara ya kwanza Shangazi alimtazama kama mtu. "Ukurasa ninao," alisema. "Ila sharti unalijua."

"Mmeshaninyang'anya kila kitu!"

"Mikono unayo. Mlango wa kwenu ukipoteza ufunguo, mikono kama hiyo inakawia kuufungua?"

Kwa maana paa lilikuwa juu, jipya, linang'aa mpaka unalazimika kufumba macho, na wasomaji walikuwa wamekwenda kwa Bwana Afisa. "Nilisema tutafungua," aliwajibu, akikoroga chai ile ile. "Sikusema lini. Halafu ufunguo haujulikani uliko."

Jalada alicheka. Kwa kufuli alikuwa kwenye uwanja wa nyumbani. "Jua likizama tu, mama, nakufungulia. Hakuna atakayeona."

"Hapana," alisema Shangazi. "Likifunguliwa na mwizi kwenye giza, litafungwa na mwizi kwenye mwanga. Utalifungua mchana, mji mzima ukikutazama. Na ukurasa wa mwisho nitausoma mle ndani, kwa sauti, kwenye meza ya maktaba. Si kwingine."

Wako pale sasa hivi. Mbele ya jengo la njano, chini ya paa jipya. Mwalimu ana hotuba yake mfukoni. Muuguzi ametoka zamu na hajavua sare. Dobi amebeba vile vipande vyote vya kitabu kwenye beseni. Jalada ameinama kwenye kufuli na waya mkononi, koti la kijivu mgongoni, na anageuka nyuma kila mara, kwa kuwa hajawahi kufungua kufuli akitazamwa. Walinzi wa ofisi ya mji wameshatokea kona ya mtaa. Wakiwakuta watu wachache ngazini, watawaita wezi na kuwapakia garini. Wakikuta umati, watasimama pembeni na kujifanya wamekuja kulinda usalama. Umewaona wakifanya hivyo, usibishe.

Kinachokosekana ni wewe. Acha kusoma. Kile kitabu cha maktaba ulichoazima kabla hawajafunga, ulichokisukumia chini ya mguu wa kitanda kisitikisike, tunakijua; kichomoe uje nacho. Vaa viatu. Hata kimoja, kama Dobi. Toka sasa, kabla hawajafika kwenye ngazi.